Tajiri wa Kerenge na Mtoto wa Rehani

Baba mkubwa hakuwahi kunipigia simu mpaka siku aliponihitaji. Nilipofiwa na mama hakupiga. Nilipoolewa hakupiga wala hakuja. Lakini Jumamosi moja nikiwa barazani kwangu hapa Korogwe mjini, nasahihisha madaftari ya kidato cha pili, simu iliita, nikasikia sauti yake nzito ikiwa imelainishwa kwa upole ambao sikuujua ulikotoka.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize vizuri. Ukoo unakuhitaji."

Ukoo. Nilikaribia kucheka. Nimekulia Kerenge, kijiji kimoja na ukoo huo, na kila Idi nilipokuwa mdogo tulikula mlangoni, si sebuleni. Sasa nina digrii, nafundisha historia sekondari, na ukoo umegundua kwamba nipo.

Baba mkubwa ni binamu yake baba. Baba zao walikuwa ndugu, watoto wa mwanamume mmoja ambaye ukoo mzima humwita Tajiri. Jina lake halisi halitajwi hovyo, kwa heshima. Baba mkubwa ndiye mjukuu wa kwanza. Alikuwa bwana shamba serikalini, akastaafu, na sasa anaishi katika nyumba ya Tajiri na kusimamia mashamba yote ya bondeni, yale yenye mpunga.

Alinieleza shida yake. Kijiji kinajenga zahanati. Ukoo umetoa kiwanja, na serikali ya kijiji imekubali kimsingi kwamba zahanati iitwe kwa jina la Tajiri. Lakini mtendaji ametaka historia fupi ya marehemu, isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla watu hawajapitisha.

"Karatasi zake zote ninazo," alisema. "Wewe uje uzisome, upange, uandike kwa Kiswahili kizuri. Kurasa mbili tu. Wajukuu wengine wote ni wafanyabiashara, hawajui kuandika."

Nilikubali. Sitajisingizia ushujaa hapa, kwamba nilikuwa na mashaka tangu mwanzo. Nilifurahi. Nilijisikia mtu wa ukoo.

Hadithi za Tajiri nilizijua kama kila mtoto wa Kerenge anavyozijua. Nyumba yake ya mawe yenye paa la bati wakati wengine wanaezeka kwa nyasi. Baiskeli yake. Ng'ombe wake waliowekwa kwa wafugaji kule nyika za Handeni, wengi kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuwajua kwa sura. Koti lake alilolivaa juu ya kanzu hata jua likiwaka. Kwetu mtu akijivuna huulizwa kama yeye ni Tajiri.

Kitu ambacho sikukielewa ni sisi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtoto wake, hilo lilijulikana, hata pua ilikuwa ileile. Lakini nyumba yetu ilikuwa mwisho kabisa wa kijiji, chini ya mlima, pale mawe yanapoporomoka mvua ikizidi. Hatukuwa na jaruba hata moja la mpunga. Baba aliondoka Kerenge akiwa kijana akaenda kuuza machungwa Segera, akikimbilia madirisha ya mabasi, na kwa machungwa hayo nimesoma mimi. Nikiwa mtoto niliuliza mara nyingi kwa nini babu hakupata shamba la bondeni kama ndugu zake. Jibu la mama lilikuwa moja: nyamaza, kula.

Nilikwenda Kerenge wiki iliyofuata. Safari hii nilikaribishwa sebuleni. Mke wa baba mkubwa alileta chai ya maziwa na vitumbua, akaniita mwalimu. Baba mkubwa akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akalifungua mbele yangu kwa fahari, kama mtu anayefungua duka.

Hapakuwa na siri yoyote ndani yake. Nasema hivi kwa sababu watu wakinisikia wanadhani niligundua kitu kilichofichwa. Kila kitu kilikuwa wazi, kimefungwa kwa kamba ya katani na kuwekwa nadhifu. Stakabadhi za kodi. Barua za kumwita barazani, maana Tajiri alipenda kesi. Hati za mashamba, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu na mwalimu wa msikiti wa enzi hizo, fulani amemkabidhi fulani shamba lake la bondeni mbele ya mashahidi. Na karatasi ya mirathi yake, ndefu, imekunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imetoboka.

Herufi za Kiarabu mimi nazisoma kwa kusuasua. Baba mkubwa alisomeshwa chuo cha Kurani kwa viboko, anazisoma kama gazeti. Alivaa miwani akaanza na hati za mashamba, na mimi nikawa naandika kwenye daftari langu. Baada ya tatu au nne nilimkatisha.

"Mbona zote ni za msimu mmoja?"

"Zipi?"

"Hizi hati. Watu wote hawa walitoa mashamba katika msimu mmoja."

"Ilikuwa njaa," alisema. "Ile kubwa, baada ya vita vya Mjerumani. Watu walikuwa wanakufa. Yeye alikuwa na ghala."

Alisema hivyo na kuendelea kusoma. Nami niliendelea kuandika. Nimefundisha njaa hiyo darasani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliinenepea.

Kisha akafika kwenye mirathi. Alisoma majina ya wake, akasoma ya watoto, nami nikasubiri jina la babu yangu. Halikuja. Akasoma, kwa sauti ileile ya kusoma gazeti: "Na yuko kijana aliyelelewa nyumbani, yeye hana fungu. Ama ng'ombe walioko Handeni..."

"Subiri baba," nilisema. "Huyo kijana ni nani?"

Alinitazama juu ya miwani. Alishangaa kweli, na mshangao ule ndio ulionikata.

"Si ndiye babu yako huyo!"

"Babu yangu alikuwa mtoto wake."

"Ndiyo, mtoto wake. Nani amekataa? Lakini mama yake alikuwa mtu wa rehani. Baba yako hajakwambia?"

Akamgeukia mkewe, akamwambia aongeze sukari, chai imepoa.

Nilimtaka anieleze. Hakuona haya, alinieleza kama anavyoeleza mbolea. Wakati wa njaa ile alikuja mtu kutoka Sindeni, upande wa Handeni, kwa miguu, na binti yake mdogo. Akapewa mahindi, akamwacha binti rehani mpaka atakapovuna. Ilikuwa desturi, wengi walifanya hivyo. Binti akabaki, akakua, akapika, akachota maji. Akazaa.

"Kwa hiyo alimnunua," nilisema.

"Hakumnunua!" Hapo ndipo aliponyanyua sauti. "Rehani ni rehani, si kununua. Wewe umesoma, usichanganye mambo. Alimwokoa yule mtoto. Kwao Sindeni angekufa."

"Na baba yake hakurudi kumkomboa?"

"Hayo mimi sikuwepo."

"Ndoa je? Tajiri alimwoa?"

"Ndoa gani, mwanangu?" aliuliza, na nilijua haulizi kwa ubaya. Hakuelewa kwa nini nauliza.

Vitumbua vilikuwa bado mbele yangu. Niliinuka nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo mtoto wa Kishambaa hafanyi mbele ya mkubwa wake. Nilipita majaruba ya mpunga yaliyokuwa kijani kibichi, marefu, mazuri, nikatamani kuyatia moto.

Baba siku hizi anaishi kwenye ile nyumba yetu ya chini ya mawe. Nilimkuta uani anasuka kamba ya kitanda. Sikumwamkia. Nilisimama mbele yake nikamuuliza: "Bibi yako alikuwa mtu wa rehani?"

Alisuka kidogo zaidi, kisha akaiweka kamba chini.

"Nani kakwambia?"

"Binamu yako. Kanisomea kama anasoma bei ya sukari. Kijiji kizima kinajua, isipokuwa mimi."

"Kaa."

"Sikai."

Basi alinieleza nikiwa nimesimama. Bibi yake alimlea yeye, alimjua vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, aliyezungumza Kizigua, lugha ya kwao, mpaka anakufa ingawa watoto wa Kerenge walimcheka. Hakula ugali wa mahindi maisha yake yote. Alikula muhogo, alikula ndizi, alikula mtama ukipatikana. Baba akiwa mtoto alidhani ni tumbo. Siku moja alimuuliza, bibi akamjibu: siwezi kula kilichonila.

Na baba yake alirudi. Hilo ndilo baba alilisema polepole, akitazama mikono yake. Yule mtu wa Sindeni alivuna, akarudi Kerenge na mahindi aliyokopa na mbuzi juu yake. Tajiri alimwambia mtoto ameshakula zaidi ya kilichochukuliwa, aende akaongeze. Akarudi tena msimu mwingine na zaidi. Akaambiwa binti amekwisha zoea, na sasa ana kazi zake. Bibi alikuwa jikoni, aliisikia sauti ya baba yake uani. Hakuruhusiwa kutoka. Baada ya hapo hakuisikia tena.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningekwambia ili iweje?"

"Ili nijue!"

"Ujue, halafu? Ukakae darasani na watoto wa hao hao, ukijua wao ni wa nyumba na wewe ni wa rehani? Wewe ulifaulu kwa sababu hukujua. Mimi nilijua, nikaishia kukimbiza mabasi."

Hilo lilinizidishia hasira. Nilimwambia nitaandika yote. Akaniambia nisiandike.

"Ya bibi yangu si ya mkutano," alisema. "Umwache alale."

"Hajalala. Amefukiwa."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama, akachukua kamba yake.

Niliandika. Kurasa mbili, kama nilivyoagizwa. Niliandika nyumba ya mawe, baiskeli, ng'ombe. Niliandika njaa, ghala, na hati za mashamba zilizoandikwa msimu mmoja. Niliandika kwamba binti wa Sindeni aliwekwa rehani, baba yake akaja kumkomboa akakataliwa, na kwamba alimzalia Tajiri mtoto aliyenyimwa fungu. Sikutukana. Niliandika kama ninavyowafundisha wanafunzi: nini kilitokea, kwa nani, na nani alifaidika. Nikampelekea baba mkubwa.

Alinipigia kesho yake.

"Umeandika vizuri sana, mwanangu. Kiswahili safi. Sisi wazee tumepunguza kidogo, maana muda wa mkutano ni mfupi."

"Mmepunguza nini?"

"Kidogo tu," alisema, na simu ikakatika, au aliikata.

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Viti vya plastiki vilikuwa vya wageni na wazee, wengine tulikaa kwenye matofali ya ile zahanati yenyewe, yaliyokuwa yamepangwa tayari kwa ujenzi. Watu walikuwa wengi kwa sababu walikuwa wanataka zahanati. Wanawake wa Kerenge wamechoka kubebwa kwa bodaboda na uchungu umeshawashika. Baba alikuja pia, akakaa mbali nami.

Baba mkubwa alisimama na karatasi, amevaa kanzu na koti. Alisoma vizuri, ana sauti ya kusoma. Nyumba ilikuwemo, baiskeli ilikuwemo, na sentensi zangu nilizitambua moja moja kama mtu anayetambua nguo zake zimevaliwa na mwingine. Kisha akafika kwenye njaa.

"Wakati wa njaa kubwa," alisoma, "marehemu alifungua ghala lake akawalisha watu. Aliwapokea watoto yatima kutoka Handeni akawalea nyumbani kwake kama watoto wake mwenyewe. Alikuwa baba wa wasio na baba."

Watu wakapiga makofi. Baba mkubwa akasubiri makofi yaishe, akamalizia: "Historia hii imeandikwa na kitukuu wake, mwalimu wetu, ambaye tunaye hapa." Akaninyooshea mkono, akitabasamu, ili nisimame nipigiwe makofi.

Nilisimama.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilikuwa nimepanga. Sikupanga. Kama asingenitaja labda ningekwenda nyumbani nikalia chumbani kama watu wengine. Lakini alitaka uongo ule uwe wangu. Mtoto wa watu alitolewa kwao, baba yake yuko hai, amesimama uani na mbuzi mkononi, na leo anaitwa yatima, kwa kalamu yangu.

"Hayo ya mwisho sikuyaandika mimi," nilisema. "Hakuwa yatima."

Mwenyekiti wa kijiji alinyanyua mkono. "Mwalimu, maswali yatakuwa baadaye."

"Si swali. Baba yake alikuwa hai. Alikuja kumchukua, akafukuzwa."

Mguno ukapita. Nilisema yote, haraka haraka, na sikuyasema vizuri kama nilivyoyaandika. Nilichanganya mambo. Kijana mmoja alicheka nyuma. Baba mkubwa alikuwa anasema "Mwanangu, mwanangu," kama anayetuliza mtoto mwenye homa. Ndipo mke wake, yule aliyeniletea vitumbua, alipoinuka kwenye kiti chake akanipigia kelele.

"Kaa chini wewe, mtoto wa rehani!"

Nadhani hata yeye alisikia alichosema, maana alijifunika mdomo kwa khanga. Kila mtu pale alilijua neno lile, lakini lilikuwa neno la jikoni na la kisimani. Halikuwahi kusemwa mbele ya mwenyekiti na mtendaji.

Kisha mwanamke mmoja wa upande wa mtoni, mkulima ninayemjua kwa sura tu, akasimama na mtoto mgongoni. Hakunitazama mimi.

"Mimi nauliza," alisema. "Hilo jaruba la kwetu, ambalo tunakodi kwa huyu mzee kila mwaka. Tumekuwa tukiambiwa babu yetu alilitoa zawadi. Nalo lilikwenda msimu huo huo?"

Baba mkubwa alikunja karatasi yake. Mwingine akauliza, na mwingine, mpaka mwenyekiti akafunga mkutano kwa kusema watu wana kazi mashambani.

Zahanati ilijengwa. Baba mkubwa alitaka arudishiwe kiwanja, lakini alikuwa ameshatia saini. Imepewa jina la kijiji, imeandikwa kwa rangi ya bluu ukutani. Mashamba yale yako vilevile mikononi mwake, na yule mwanamke wa mtoni bado anakodi la kwao. Nikipita huko na kuona mpunga umeinama nasikia ladha chungu mdomoni.

Ukoo ulinitenga, jambo ambalo halikunisumbua, kwa maana lilikuwa limeshafanyika kabla sijazaliwa. Kilichoniuma ni baba. Siku ya mkutano aliondoka bila kunisemesha. Nilimpigia, hakupokea. Nilimtumia ujumbe, hakujibu. Nilimkasirikia. Nilimwambia mume wangu kwamba baba ni mwoga, kwamba amelamba miguu ya watu waliomnyima mpaka amezoea ladha.

Mpunga ulikuwa umeshavunwa baba alipokuja mwenyewe Korogwe, amevaa suruali yake ya safari. Hakuingia ndani.

"Umemvua nguo bibi yangu mbele ya watu," alisema. "Basi tumpeleke kwao akavishwe. Jiandae, twende Sindeni."

Jina la kitongoji alilijua, na jina la ukoo wa bibi alilijua. Amekuwa nayo kichwani miaka yote aliyouza machungwa Segera, Sindeni iko karibu tu, na hakwenda. Nilitaka kumuuliza kwa nini. Nilimtazama alivyokuwa akizishika nauli zetu kwa mikono miwili nikaacha.

Sindeni ilikuwa kavu, mahindi mashambani yamejikunja. Tuliuliza njia mara chache tu. Tulielekezwa kwa mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa uani kwenye mkeka, anapepeta mbaazi, kitambaa cheusi kichwani. Baba alimwamkia kwa Kizigua, Kizigua cha kitoto alichofundishwa na bibi yake, nami nikaona mikono ya yule mama inasimama.

Baba akamwambia jina la bibi.

Yule mama aliweka ungo chini. Alimtazama baba usoni, akanitazama mimi, akarudi kwa baba.

"Nyinyi ndio watu wa Kerenge?"

"Ndiyo. Sisi ni..."

"Babu yake baba yangu alikuja kwenu na mbuzi. Mkamrudisha na mbuzi wake."

Aliyajua yote. Yule mtoto alikuwa dada wa babu yake. Kwao jambo hili halikuwa historia. Baba wa yule binti aliporudi mara ya mwisho, mkewe alikataa kumpikia. Alimwambia umemla mwanangu, hujashiba? Mpaka wanakufa hawakula chungu kimoja. Nyumba iligawanyika, ndugu wakagawanyika, wengine walikwenda na mama, wengine walibaki na baba, na mpaka leo kuna watu wa Sindeni wasiopeana mkono kwa sababu ya mahindi ya Kerenge.

"Kwa nini hamkumrudisha?" aliuliza yule mama, na sauti yake ilikuwa inapanda. "Njaa iliisha. Mwingereza akaja, akaondoka. Uhuru ukaja. Kwa nini hamkumrudisha? Hata akiwa mzee? Hata maiti yake?"

"Dada," baba alisema, "sisi si wao. Sisi ni wajukuu wake. Tumeonewa kama nyinyi."

"Mnaitwa nani?"

Baba akanyamaza. Mimi pia. Jina letu la mwisho ni la Tajiri. Limo kwenye kitambulisho cha baba, limo kwenye cheti changu cha digrii, na wanafunzi wangu huniita kwa jina hilo kila asubuhi. Nilikuwa nimekuja Sindeni nimebeba hasira yangu kama mzigo wa kuonyesha, nikitegemea kupokelewa na watu wenye hasira kama yangu. Walikuwa nayo. Ilikuwa juu yangu.

"Basi," alisema yule mama. "Mnaona."

Niligeuka kuondoka, nikadhani tunafukuzwa. Lakini alivuta mkeka mwingine akautandika. Alisema tukae, hajasema tuondoke. Akaanza kumuuliza baba. Alikuwa mrefu? Mfupi. Alikuwa na watoto wangapi? Mmoja tu. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya? Ndiyo, mwanya. Yule mama akafungua mdomo wake kutuonyesha wake. Alikufa akizungumza lugha gani? Kizigua, baba alijibu, na hapo yule mama akajifunika uso kwa kitambaa chake na mabega yakaanza kutikisika.

Alipojifunua alisema: "Sijawasamehe. Msije mkasema huko kwenu kwamba tumewasamehe." Akaniagiza mimi, kama anavyoagizwa mtoto wa ndugu, niende nikawashe moto. Nimemwita shangazi tangu siku ile. Huniita wewe wa Kerenge.

Walikuja Kerenge kumzuru bibi kabla ya Ramadhani, watu wa Sindeni, katika gari aina ya Noah walilolichangia. Shangazi alikaa mbele. Kaburi la bibi liko nje ya makaburi ya ukoo, upande wa mawe, na njia ya kulifikia inapita katikati ya uwanja wa baba mkubwa. Kuna njia nyingine ya kuzunguka, na baba alipendekeza tuzunguke. Shangazi aliuliza nyumba ya mawe ni ipi. Akaonyeshwa. Akapita uwanjani pake moja kwa moja, mbele ya mlango wake, na sisi tukamfuata. Mlango ulifungwa kutoka ndani. Redio ikafunguliwa kwa sauti ya juu, taarifa ya habari.

Mtu mmoja wa msikitini alikuwa amesema wanawake wasifike kaburini. Shangazi hakubishana naye. Alifika, akaketi chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu, akaanza kusema kwa Kizigua. Hakuwa anasoma dua, dua walisoma wanaume baadaye. Alikuwa anampa habari. Nani alizaliwa, nani alioa wapi, kisima kipi kilikauka, mama yake alisema nini alipokuwa anakufa. Aliongea muda mrefu, bila kulia, na kwa ukali, kama mtu anayemgombeza mdogo wake aliyechelewa kurudi.

Mimi nilielewa maneno machache tu. Baba alielewa yote. Alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa kaburi, anang'oa majani, na kila mara shangazi aliponyamaza kuvuta pumzi, yeye alimjibu.